Historia ya Mnara Niliyoikariri

Nikipita karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu, pale mafundi wa kuchomelea walipoegemeza mageti yao kando ya barabara, pua hunifikisha nyumbani kabla akili haijajua. Si harufu ya chuma. Ni ya yale mawe ya kijivu wanayoyatia maji ndani ya pipa ili gesi itoke, harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza, inayokaba koo. Wengine hupita haraka wakiwa wameziba pua. Mimi hupunguza mwendo, na uso wangu huanza kupata moto. Ndiyo harufu iliyokuwa ndani ya chumba cha chini cha mnara wa taa kule kwetu, na siwezi kuukumbuka mnara ule bila kuikumbuka siku niliyosimama na maikrofoni mbele ya watu wa kata yetu, lokesheni nzima.

Kwetu ni upande wa Usenge, ambako ardhi imejichomoza ziwani kama kiwiko cha mtu anayesukuma wenzake foleni. Mahali penyewe tulipaita Kar Taya, yaani penye taa, ingawa mimi nilizaliwa taa ikiwa imezimika zamani. Mnara ulikuwa wa mawe, mnene chini na mwembamba juu. Rangi yake nyeupe ilikuwa imebanduka, ukabaki na mabaka kama ng'ombe. Kwenye kivuli chake kina mama walianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, na mbuzi walipanda ngazi za kwanza wakashindwa kushuka.

Mawe yake yalibebwa na baba wa babu zetu, waliokusanywa na chifu wa enzi za wakoloni bila kuulizwa kama wana kazi nyingine. Wazungu walitaka taa pale kwa sababu mbele ya kiwiko kile kuna miamba inayojificha chini ya maji, ambayo wavuvi huiita Leke Nyang', meno ya mamba. Wakati huo meli zilikuwa nyingi, zikitoka Kisumu kwenda Uganda na Tanganyika na kurudi na abiria, pamba na barua. Baadaye jumuiya ya nchi zetu tatu ikavunjika, meli zikapungua, magugu yakaja yakaziba ziwa, na siku moja ofisi ya Kisumu haikuleta tena mawe ya gesi. Hakuna aliyetangaza kwamba taa imefungwa. Ilikosa chakula tu ikafa.

Haya yote niliyajua nikiwa darasa la tano kwa sababu babu yangu, Mzee Ogola, ndiye aliyekuwa mlinzi wa taa hiyo tangu ujana wake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Alikuwa na koti la buluu lenye vifungo vya shaba, ambalo alipewa na mzungu wa ofisi ya meli, na alilivaa kila mgeni alipofika, hata jua liwe kali namna gani. Mgeni akishaketi na kupewa uji, Babu alikohoa mara moja, na sisi wajukuu tukajua sasa meli inakuja.

Hadithi ilikuwa hii. Jioni moja kabla ya uhuru, dhoruba ilitoka upande wa Uganda, ziwa likawa jeusi kabla jua halijatua vizuri. Meli ya abiria ilikuwa inarudi Kisumu. Babu alipowasha taa, mpira wa kupitishia gesi ukapasuka, na mwanga ukaanza kufa. Alifanya nini? Hapo alinyamaza, na mgeni alilazimika kuuliza. Aliushika mpira ule kwa mikono yake miwili, akaubana, akakaa hivyo huku gesi ikimchoma macho, mpaka meli ikapita salama. Idadi ya abiria aliowaokoa ilitegemea msikilizaji. Kwa wauza samaki walikuwa wachache, kwa mchungaji walijaa kanisa, na siku alipokuja mkaguzi wa shule walikuwemo machifu wawili na bibi harusi.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wajaluo tunamwita Dani, hakuwahi kukaa kuisikiliza. Daima kulikuwa na kitu kinachoungua jikoni. Mimi niliona ni kwa sababu ameisikia mno. Nilimpenda Dani kama mtu anavyopenda mahali pa kulala, bila kufikiri. Lakini Babu nilijivunia. Nilipogombana na wasichana wenzangu kisimani, niliwaambia babu zao walikuwa wanavua samaki tu, wangu alikuwa anavua watu. Neno hilo nililipata kanisani, na nililitumia bila huruma.

Basi ikatokea kwamba ofisi moja inayohifadhi majengo ya zamani ikaamua mnara wetu ulindwe. Wangekuja wageni, DO, yaani afisa wa tarafa, angekuwepo, na kungesimikwa kibao cha chuma chenye maandishi. Mwalimu Akumu, aliyetufundisha Kiswahili na kutuongozea nyimbo, alisema mtoto mmoja asimulie historia ya mnara, na mtoto huyo angekuwa nani kama si mjukuu wa Mzee Ogola? Alikuja nyumbani na Babu akamsimulia. Mwalimu akaipanga vizuri kwa Kiswahili cha vitabu, kisha akanifundisha na ishara za mikono: dhoruba, mikono juu; meli, mikono mbele; mpira wa gesi, ngumi mbili zimebana kifuani. Nilifanya mazoezi mbele ya kuku. Nilifanya mazoezi nikichunga. Mama alisema nilikuwa nikibana ngumi hata usingizini.

Siku hiyo nilivaa viatu vya binti wa Mwalimu, vilivyonibana, na soksi nyeupe ambazo mpaka leo sijui zilitoka wapi. Hema lilikuwa limejaa. Mbele kulikuwa na viti vya plastiki vya wageni na meza yenye kitambaa, na Babu aliketi hapo, kati ya chifu na DO, katika koti lake la vifungo vya shaba. Nyuma yetu moshi wa jikoni ulipanda, maana Dani na wanawake wengine walikuwa wanapika. Kando ya DO alikaa mzee mfupi mwenye kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, na mfuko wa karatasi ameupakata. Hakuna aliyemjua. Watu wa ofisi walinong'ona kwamba wamemtoa Kisumu mjini, eti ni zawadi ya kumshtukiza Mzee Ogola.

Niliitwa. Sijui kama mmewahi kusikia sauti yenu wenyewe ikitoka kwenye spika kubwa kwa mara ya kwanza. Inalewesha. Nilisimulia habari za mawe, za wazungu, za miamba. Nilipofika kwenye dhoruba nikainua mikono, na nilipofika kwenye mpira wa gesi nikabana ngumi kifuani na kufumba macho kama nilivyofundishwa. Nilipoyafumbua niliona kwamba watoto wananitazama midomo wazi, lakini wazee wa kwetu, wanaume kwa wanawake, walikuwa wanatazama chini. Bibi mmoja alikuwa anakunjakunja ncha ya leso yake. Nikadhani wameguswa. Nikaongeza sauti. Nikamaliza kwa kumnyooshea Babu mkono na kusema kwamba kama si yeye, akina mama wengi wangelia. Makofi yalikuwa ya wageni zaidi.

Kisha mtu wa ofisi akachukua maikrofoni, akasema kwa furaha kwamba leo kuna mtu aliyekuwa ndani ya meli ile, baharia kijana wakati huo, na amekuja kumshukuru mwokozi wake. Anaitwa Mzee Salim. Yule mzee wa kofia nyeupe akasimama. Mimi niliambiwa nisitoke, nimshikie maikrofoni kwa sababu mikono yake ilikuwa imeushika ule mfuko wa karatasi. Kwa hiyo nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote.

Alizungumza polepole, Kiswahili cha watu wa mjini wenye asili ya pwani. Kwanza alinisifu. Alisema binti amesema vizuri sana, Mungu amkuze. Kisha akasema kwamba labda binti amechanganya meli mbili, maana yeye jioni ile anaikumbuka vingine. Taa ya mnara haikuwaka kabisa. Nahodha aliitafuta mpaka akaanza kutukana. Meli ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye miamba, na watu ndani walikuwa wanasali, kila mtu kwa dini yake. Ndipo walipoona mwanga mdogo, chini, karibu na maji. Ilikuwa karabai. Aliyeishika alikuwa mwanamke, amesimama ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, anaita na kuwaonyesha kwa mkono upande wa ghuba. Nahodha akageuza. Meli ikakwaruza mwamba ubavuni, lakini ikapita.

"Nimekuja kumtafuta yule mama," akasema. "Miaka yote hii sijampa asante. Nilikuwa sijui Kijaluo hata kidogo, lakini maneno aliyokuwa akiita nimekaa nayo. Alikuwa akisema, biuru ka, biuru ka. Njooni hapa. Je, yuko hai?"

Nilisikia nyama ikikaangwa jikoni. Nilisikia bendera ndogo za karatasi zikipigwa na upepo. Nilimtazama Babu nikingojea acheke kwa ile sauti yake kubwa, amweleze mgeni kwamba umri umemchezea. Babu alikuwa anatazama meza. Mkono wake ulikuwa unakizungusha kifungo cha shaba, unakizungusha, kama mtu anayetaka kukifungua asijue namna.

Ni chifu aliyegeuka na kutazama jikoni. Halafu wazee wote wakageuka, kama waliopewa amri moja, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulielewa. Hawakuwa wanatafuta. Walijua wamtazame nani.

Dani aliletwa mbele na wanawake wawili, unga mikononi, leso imefungwa kiunoni. Mzee Salim alimtazama muda mrefu. Akamwomba, kama haoni vibaya, aseme yale maneno. Dani alimtazama Babu kwanza. Sijui aliona nini. Kisha akasema, si kwa nguvu, kama mtu anayewaita watoto ndani mvua ikikaribia, "Biuru ka."

Yule mzee akaanza kulia. Akampa ule mfuko wa karatasi, na ndani yake mlikuwa na leso mpya, jozi nzima, na Dani akaipokea kwa vidole ili asiichafue na unga.

Wakati huohuo Babu alisimama. Alizunguka meza, akapita mbele ya watu wote akiwa amenyooka kama askari, akashika njia ya kwenda nyumbani. Koti lilikuwa kubwa mno mgongoni mwake. Sikuwahi kuliona hivyo. Mvulana mmoja nyuma akacheka, akazabwa kofi. Mimi nilianza kulia, na kwa kuwa bado nilikuwa nimeshika maikrofoni, kilio changu kilitoka kwenye spika zote mbili, kikaenda mpaka kwa waliokuwa wakianika omena, mpaka Mwalimu Akumu alipokuja kuninyang'anya. Mkojo nao ulikuwa umefika kwenye soksi nyeupe.

Kibao kilizinduliwa hivyohivyo. Kingefanywa nini? Kilikuwa kimeshaandikwa, na jina la Babu likiwemo, mlinzi shujaa. DO alivuta kitambaa haraka, watu wakapiga makofi kama wanavyompigia mtu aliyeimba vibaya kanisani.

Baada ya hapo shuleni niliitwa Karabai. Waliniita hivyo mpaka nilipomaliza darasa la nane, na wengine hawakujua tena jina lilitoka wapi. Nilibadilisha njia ya kwenda kisimani. Wale wasichana niliowaambia habari za kuvua watu hawakuwa hata na haja ya kunijibu. Walibana ngumi mbili kifuani tu, wakafumba macho. Nilitamani usiku na mchana nisiwe mjukuu wa mtu mwongo. Nikitumwa kumpelekea Babu chakula, nilikiweka mlangoni na kupiga hodi nikiwa nimeshageuka. Aliliweka koti mahali ambapo hatukuliona tena. Wageni walipokuja kuona mnara, aliwaonyesha kwa kidole na kurudi ndani, na Dani ndiye aliyewaambia mnara ni ule, wapande, waangalie mbuzi.

Alifariki nikiwa sekondari. Kwenye mazishi wazee walisimama mmoja mmoja kumsifu: aliyejua kulima, aliyekuwa fundi wa kushona nyavu, asiyeonja pombe. Hakuna aliyetaja taa. Nilikaa kwenye mkeka nikiogopa kila msemaji, na alipoketi nikamshukuru Mungu. Hivyo ndivyo nilivyomzika babu yangu, nikiomba watu wasimkumbuke sana.

Miaka mingi baadaye Dani alikuja Kisumu kukaa kwangu, mtaa wa Migosi, macho yake yatibiwe. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto wawili. Mchana, watoto wakiwa shuleni, alipenda kuketi kwenye veranda akichambua mboga kwa kupapasa, akiuliza kila gari linalopita ni la nani kama vile tungekuwa tunawajua wote. Siku moja, sijui kwa nini, nikamwambia kwamba sikuwahi kumsamehe Babu kwa kumwibia yeye sifa yake. Nilidhani nampa zawadi.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Ni mimi nilimvalisha lile koti."

Akanieleza. Jioni ile Babu alikuwa kwenye matanga, kijiji cha pili, amelewa hawezi kusimama. Ufunguo wa chumba cha gesi ulikuwa kiunoni mwake. Dani aliona dhoruba, akaenda mnarani, akakuta kufuli, akachukua karabai ya nyumbani. Baada ya siku chache mzungu wa ofisi ya meli alifika na boti kuuliza kwa nini meli ilikwaruzwa. Babu alikuwa amesimama uani, kichwa chini, yuko tayari kusema kweli na kufukuzwa. Dani akatangulia. Alisema mume wake alikuwa juu, mpira ulipasuka, aliushika kwa mikono. Yeye ndiye aliyeutunga ule mpira, palepale, mkalimani akiwa anasubiri. Nyumba ilikuwa ya kazi. Wangefukuzwa na kwenda wapi? Mzungu akafurahi, akarudi na koti, akakusanya watu, akamwambia Babu asimulie. Babu hakuonja pombe tena tangu siku ile. Na hadithi, alipoianza, hakupata mahali pa kuiachia.

"Wazee walijua?" nikauliza.

"Nani hakujua? Waliniona nikirudi nimelowa. Walinyamaza. Walisema, huyu ameacha pombe, acheni na hadithi yake."

Nikawaona tena, wale wazee ndani ya hema wakitazama miguu yao. Hawakuguswa. Walikuwa wananionea aibu mimi, mtoto aliyekwenda kukikariri kwa ishara za mikono kitu ambacho lokesheni nzima ilikuwa imekikunja na kukiweka kimya, ili mtu mmoja aishi.

Dani akasema kwamba kila Babu alipomaliza kuisimulia ile hadithi kwa wageni, kesho yake alfajiri alimchotea maji. Mwanaume mzima, na mtungi, wanawake wakimcheka njiani. Hakuwahi kusema ni kwa nini, na yeye hakuwahi kumwuliza. "Wageni wakiwa wengi," akasema, "nilipumzika wiki nzima." Akatabasamu kuelekea mahali alipodhani nimekaa.

Nilikuwa na aibu mpya, na nilitaka kuificha, kwa hiyo nikauliza swali la kwanza lililonijia. Nilimwuliza kama jioni ile, ndani ya maji, aliogopa.

Mikono yake ikasimama juu ya mboga.

"Hilo hakuna mtu ameniuliza," akasema. "Hata yule mzee wa leso." Alifikiri. "Niliogopa sana. Nilikuwa na baba yako tumboni, na maji yalikuwa baridi, alikuwa anapiga mateke. Nilimwambia anyamaze, nikamwambia tukishaita hawa tutarudi nyumbani."

Akarudi kwenye mboga yake. Nilikuwa mtu mzima, nilikuwa nimeisimulia jioni ile mbele ya DO na chifu, nikaililia, nikaichukia, nikamzika nayo babu yangu. Na ndiyo kwanza ninasikia ilivyokuwa. Nilichukua sehemu ya majani kutoka kwenye sinia lake nikaanza kuchambua pamoja naye, nimeinamisha uso, ingawa hakuweza kuniona.